Mwaka Tuliomtangulia Omondi

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile tuliyojifanya wakubwa wa kaka yetu. Ilinirudia jana nilipowaona mkimfichia kaka yenu chaja ya simu huku mkichekea jikoni. Sikuwagombeza. Ningeanzia wapi, na mimi nilikuwa mtundu kuwashinda?

Omondi ndiye kifungua mimba wetu. Mimi na Otieno, mdogo wangu, tulimsumbua kila siku ya Mungu. Tulimtilia chumvi kwenye chai. Tulimfichia kiatu kimoja, kimoja tu, asubuhi ya Sabato. Yeye alitutazama, akatabasamu, akaenda kanisani na slipa.

Mwaka huo mvua ilipoanza Baba alipanda, na kesho yake Omondi akaitwa ghafla Muhuru Bay, kule ziwani, kuvua omena, wale dagaa wadogo. Desturi yetu unaijua: baba akishapanda hufuata mtoto mkubwa, ndipo wadogo. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake cha shamba, na Baba akatuambia tumsubiri Omondi. Tulisubiri wiki mbili. Kisha Otieno akasema tukipanda kabla yake, akirudi tutamwita mdogo wetu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukapanda.

Mahindi yalipochipuka, Baba akayaona. Hakutuchapa, na hilo ndilo lililonitisha. Alituambia polepole kwamba wadogo wakimruka mkubwa, chira huingia katika nyumba, na balaa hiyo haichagui wa kumchukua. Nikamfikiria Omondi ndani ya boti, na ziwa lile ninavyolijua. Niliogopa, mwanangu. Siku tatu sikula, nikiamini nimemuua kaka yangu kwa mzaha.

Siku ya nne akaingia, ananuka omena, hana habari. Nilimkimbilia nikamshika miguu nikalia. Baba akamweleza yote, akasema mahindi yetu yatang'olewa.

Omondi akamwomba Baba amfuate nyuma ya simba, ile nyumba ndogo ya kijana aliyekua. Tukafuata nyuma yao. Pale kati ya ukuta na ua wa michongoma, mahali ambapo hatukuwahi kupenya, palikuwa na mistari miwili ya mahindi. Yalikuwa yamekaribia magoti yangu. Yetu yalikuwa marefu kama kidole.

Baba akauliza yalipandwa lini.

"Asubuhi niliyoondoka," Omondi akasema. "Hawa wawili nawajua, Baba. Hawangeweza kungoja."

Baba akavua kofia, akayatazama mahindi yale, akasema basi zamu haikurukwa, na yetu yabaki. Mimi nilisimama nimeachama. Kumbe alitujua kiasi hicho. Sisi tulikuwa bado hatujaliwaza kosa lenyewe, yeye alikwisha kuinama gizani na jembe ili lisitudhuru. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikikumbuka mistari ile miwili mwili hunisisimka.

Basi nasaha yangu ni hii. Mchokozeni kaka yenu kwa chai na viatu, sikatazi. Ila zamu yake msiiguse, na msidhani anyamazaye haoni. Nawe siku moja utakuwa mkubwa wa mtu. Kabla hujasafiri, mpandie mdogo wako mstari mmoja, hata kama hatajua.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, na akuweke, mwanangu, karibu na mtu anayeujua utundu wako wote na bado anaamka mapema kwa ajili yako. Haya, inuka sasa, umrudishie chaja yake.