Majani Mekundu ya Mpakani

Juzi nilisimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara hapa Voi, natafuta kitu cha kupanda nyuma ya nyumba ambako jua halifiki. Muuzaji akanyunyiza maji, harufu ya udongo uliolowa ikanipanda puani. "Chukua hii, mama. Inapenda kivuli, na majani yake hayapukutiki." Majani marefu, ya kijani, ukingo mwekundu. Nikacheka peke yangu. Mmea ule na mimi tunajuana.

Nililelewa na nyanya yangu huko Bura, na nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wananikimbia. Kati ya shamba letu na la Babu Mwakio, shemeji yake Nyanya, palikuwa na mstari wa mimea hiyo. Iliyokuwa chini ya mparachichi ilikoza wekundu. Iliyokuwa juani ilipauka kama leso iliyofuliwa sana. Kwa nini? Hakuna aliyenijibu. Basi siku moja Nyanya akiwa sokoni, niling'oa mitatu ya juani nikaihamishia kivulini, nyuma ya jikoni, nione.

Mvua ikanyesha wiki mbili. Mimea ikashika, na majani machanga yakatoka mekundu kweli. Nilifurahi, nikawa naenda kuyaangalia hata kabla ya kunawa uso.

Ndipo Babu Mwakio akaona pengo. "Shemeji, umeanza kula shamba langu?"

Hapo nikajua kumbe yale hayakuwa maua. Ulikuwa mpaka. Waliugombania tangu babu yangu afariki, na ilipopandwa ile mimea ndipo walipoanza tena kusalimiana. Nikasema ni mimi.

Nyanya hakunichapa. Alishika jembe akasema, "Wakesho, tuonyeshe mashimo yalikuwa wapi."

Mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Wazee wawili wananitazama, mimi naogopa kusema sijui. Nikanyoosha kidole tu, pale na pale na pale. Nyanya alitazama chini, akanitazama mimi, kisha akainama akachimba, tukairudisha mimea.

Jioni, tukiambua maharagwe, nilimuuliza kama ni pale kweli.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema, akaendelea na maharagwe yake. Nikaona amenikwepa tu kama wengine.

Nilikuwa nimeshamaliza shule siku niliyosimama juu ya mteremko nikauona mstari wote. Umepinda. Kwenye mimea ile mitatu unaingia kwetu hatua nzima, na Nyanya alilima kando ya kosa langu kila msimu bila kulitaja.

Alipoanguka jikoni asubuhi moja, wanawe wote walikuwa Mombasa, nami nilikuwa mbali. Babu Mwakio ndiye aliyesikia kishindo, akavuka pale palipopinda, akambeba mgongoni mpaka barabarani, na Nyanya akapona. Nilidhani siku ile ya mashimo mimi ndiye niliyeponea fimbo. Kumbe Nyanya alikuwa akipanda fimbo ya karibu.