Nilisafisha tundu la kasuku mgonjwa kama chumba cha lodge, nusura nimuue (Karatu)

Wakuu, heshima kwenu. Haya sikusimuliwa, mikono yangu ndiyo iliyoyafanya, na sehemu ya aibu sitairuka.

Nilitoka Tunduru kwa mabasi, siku tatu. Songea, Iringa, Dodoma, Babati, nikashushwa Makuyuni na begi moja. Gari dogo likatupandisha ule mlima wa Mto wa Mbu mpaka masikio yakaziba. Karatu nikaingia na shati la mikono mifupi. Baridi yake wenyeji mnaijua.

Mimi ni Myao, mtu wa kuhama. Nina arobaini na kitu, nimeishi miji sita, na bado harufu ya korosho ikichomwa inanirudisha kwetu. Tuendelee.

Nikapata kazi ya housekeeping lodge moja, na chumba cha kupanga uani kwa Bi Zuhura, mjane mwenye duka la mablanketi. Alikuwa na kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, aliyeachwa na marehemu mumewe. Anaitwa Bwana Mkubwa.

Ndege yule alikuwa na kifua. Akipumua unasikia mluzi, mkia unapanda na kushuka. Lakini kila asubuhi aliita kwa sauti ya marehemu: "Zuhura, chai!"

Bi Zuhura anaitika "Abee," ndipo anafungua duka. Picha za mumewe anazo nyingi. Sauti ilikuwa hiyo tu.

Magoti yalipomzidi akaniambia, "Myao, si unasafishia Wazungu? Nisafishie na huyu."

Sasa wakuu, sisi wa lodge mgeni akishaondoka tunasafisha chumba mpaka kinukie. Nikafanya hivyohivyo. Nikakwangua kinyesi kikavu, vumbi likatimka. Nikamwaga dawa ya chooni yenye klorini, nikamalizia na air freshener. Ndege yumo ndani ya tundu. Dirisha nimefunga kwa ajili ya baridi.

Nikasimama pembeni, nikajisifu.

Haikufika adhuhuri, Bwana Mkubwa yuko chini ya tundu, mdomo wazi, hawezi hata kupanda kijiti chake. Bi Zuhura hakunigombeza. Alisema tu, "Akifa huyu, baba watoto amekufa mara ya pili."

Nilikimbia kumfuata bwana mifugo, Muiraqw mmoja aliyezoea kutibu mbuzi wa wafugaji wa Malambo, si ndege. Alipofika mlangoni harufu ikamsimamisha.

"Hapa pana mgonjwa au mnapokea watalii?"

Akafungua madirisha, akamhamishia ndege chumba kingine chenye joto, hewa safi, hakuna jiko la mkaa. Akamwachia dawa. Kisha akanigeukia.

"Kaka, mapafu ya ndege ni madogo. Kinachokuwasha wewe pua, yeye kinamuua."

Akanielekeza. Kwanza mhamishe ndege. Vaa barakoa na glovu, maana vumbi la kinyesi linaweza kukuumiza hata wewe. Kinyesi kilowanishe kabla ya kukwangua. Maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, suuza sana, anika juani mpaka tundu na vijiti vikauke kabisa, ndipo umrudishe. Gazeti la chini ya tundu badilisha, vyombo vya maji na chakula osha, kila siku.

Asubuhi iliyofuata, kimya. Ya pili, kimya. Duka lilichelewa kufunguliwa siku zote hizo.

Siku ya tano nikiwa napiga mswaki uani nikasikia, kwa sauti ya kukwaruza, "Zuhura, chai!"

"Abee!" Sufuria ikaanguka huko jikoni.

Hakupona kabisa, mluzi ulibaki. Ila kwa miaka miwili tundu lile nilisafisha mimi. Kila asubuhi nambeba kwenda chumba cha pili, namwambia, "Hama, Bwana Mkubwa, tunasafisha."

Somo nililopata: usafi wa pua yako si usafi wa mgonjwa. Uliza kabla hujamwaga dawa.

Baadaye miguu ikaanza kuniwasha, mnanielewa. Siku ya kuondoka moja kwa moja nilipita na begi langu lilelile kuaga. Sijawahi kuacha kitu mahali, nguo zangu nabeba zote.

Nikiwa mlangoni nikasikia nyuma yangu, "Hama, Bwana Mkubwa, tunasafisha."

Sauti yangu mimi, mpaka lafudhi ya Kusini.

Bi Zuhura akacheka huku anajifuta macho. "Haya nenda, Myao. Mwingine amebaki."

Wenye kasuku humu, nyie mnasafishaje? Na mkipita Karatu kwenye duka la mablanketi mkasikia Myao anaongea ndani, mjue mimi sipo.