Udi Kabla ya Vienna

Nichekeni, ila msimwambie mume wangu. Mie mzaliwa wa Unguja, mgeni hapa Nizwa, mji wa Kiarabu alikozaliwa mume wangu. Juzi niliwaalika walimu wenzangu wanawake nyumbani kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, niwasimulie nilichosomea: matajiri wa kigeni walionunua majumba ya maigizo ya Vienna baina ya vita vikuu viwili. Hawakujua wenyeji wanapenda nini, watazamaji wakawakimbia.

Basi, kabla sijafungua mdomo, nikapitisha chetezo cha udi, nipendeze. Wakajifukiza, wakanishukuru, wakainuka. Nikadhani wanajinyoosha. Kumbe wanavaa viatu! Nikawafuata na picha zangu za majumba ya Vienna mpaka mlangoni, nikiwaapia kuwa utamu uko mbele.

Akabaki mavyaa peke yake.

"Mwanangu, hapa udi ukishapita, ndipo mgeni anaagwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Akanikalisha ubavuni mwake, akanimiminia kahawa.

"Mimi sijafukizwa, siendi popote. Haya, nisimulie. Hao matajiri wa Vienna, kwani hawakuwa na mavyaa wa kumuuliza?"