Ndizi za Msibani

Juzi nilitembelea ukumbusho wa Wayahudi waliouawa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwongozaji alipomaliza maelezo, nikajikuta nampa pole kama mfiwa, na papo hapo nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, Kyela.

Shule ilitupeleka kuona makaburi ya wapagazi wa vita, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi enzi za ukoloni, karibu na ziwa, upepo ukinuka dagaa. Niliposikia makaburi nilidhani tunakwenda msibani, nikabeba ndizi za kuchemsha. Mzee aliyetutembeza alivaa koti jeusi la mtumba kwenye joto lile. Nikajua ndiye mfiwa.

“Pole na msiba, baba,” nilisema, nikampa ndizi.

Wenzangu waliangua kicheko. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akatukalisha kwenye majani, tukazila wote.

“Ndaga fijo, asante sana, mwanangu,” alisema akitabasamu. “Miaka yote naleta wageni hapa. Leo ndiyo kwanza wamekuja ndugu.”