Mlango wa Gari Tusilokuwa Nalo

Hatukuwa na gari. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Somanda mpaka leo wanaamini tuliwahi kuwa nalo, au tulikaribia, na kosa ni langu. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya shirika alilofanyia kazi mume wangu. Soko huria lilipoingia, shirika likaanza kuuza mali zake, na sisi tuliokuwa tukiishi humo tukauziwa. Ilikuwa imejengewa meneja, kwa hiyo pembeni, hatua kama kumi kutoka jikoni, kulikuwa na gereji. Tuliweka humo baiskeli, magunia ya mahindi na kitanda cha ziada. Milango yake miwili ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa kwa chini, na mbuzi wa jirani waliingia na kutoka bila kuinama.

Mume wangu alikuwa mpanga madaraja wa pamba. Kazi yake ilikuwa kushika pamba ya mkulima, kuivuta kwa vidole na kusema hii safi, hii fifi. Walipokuja wanunuzi binafsi hakuna aliyetaka tena kujua. Safi na fifi viliingia gunia moja, naye akawa anaajiriwa kwa msimu tu, kusimama karibu na mzani. Alikuwa mtu wa maneno machache na tangu hapo yakazidi kupungua. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na maneno sikuwahi kupungukiwa.

Jumamosi moja asubuhi kaka yangu alimleta mama kutoka Mwamanyili, na mfuko mmoja wa nguo. Mama alikuwa mjane wa siku nyingi. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa kwetu waliopikia samadi kavu maisha yao yote katika nyumba zisizo na dirisha. Mtoto wa jirani yake alikuwa amefariki ghafla, na matanga yalipokwisha watu wakaanza kuyazungumzia macho ya mama, kwamba ni ya mchawi. Kisha ikaokotwa karatasi mlangoni kwake, imeandikwa kwa penseli, ikimwambia ahesabu siku zake. Miaka ile karatasi ya namna hiyo haikuwa utani. Vikongwe walikatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kaka alinieleza haya amesimama, akakataa hata chai, akarudi na basi lile lile. Nilimkasirikia, na bado nina hasira naye.

Swali likawa mama alale wapi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mume wangu alikuwa msomi wa redio na magazeti, lakini alipomwona mama anaingia uani alitokea mlango wa nyuma, akazunguka mtaa mzima mpaka mama alipokwisha kukaa. Jioni akaniambia, "Gereji ipo. Siyo paa moja." Nilimpelekea mama ujumbe huo, naye akashukuru, akasema hapo kila mtu atakuwa na heshima yake. Tukatoa magunia, nikafagia, nikamtandikia.

Siku ya tatu, tukiwa tunakula, mume wangu aliniuliza, "Lakini yule mtoto aliugua nini?"

Aliuliza polepole, bila kuniangalia. Nikamjibu kwamba aliugua ugonjwa. Hakuendelea, ila mimi swali lile nililala nalo na kuamka nalo. Niliona kwamba hata ndani ya nyumba yangu kuna mtu anayepima macho ya mama. Nikaamua milango mipya ya gereji nitaichagua mimi na ufunguo nitaushika mimi.

Kuchagua, lakini, kulikuwa kitu kigeni kwetu. Miaka ya foleni ukifika dukani uliuliza neno moja tu: ipo? Ikiwepo ulishukuru, ukachukua, rangi na saizi ukavizoea nyumbani. Sasa nikajikuta nimesimama kwa fundi wa kuchomelea, karibu na soko la Bariadi, naulizwa nataka mlango wa namna gani. Chuma kilikuwa kikishushwa kwa treni Malampaka na kuletwa kwa malori, na fundi alikuwa amekiegemeza ukutani cha kila aina. Alikuwa mtu wa Tabora, mpole, mwenye baraghashia iliyotobolewa na cheche.

"Gari gani, mwalimu?" aliuliza, akitoa futi yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema ni mama yangu, angeuliza kwa nini mama analala gereji. Ningesema kuna mkwe, angeelewa, halafu angeuliza ametoka wapi na kimemleta nini. Basi la Mwamanyili lilisimama ng'ambo ya barabara ile ile, na wateja wawili walikuwa nyuma yangu wametega masikio.

"Pikapu," nikasema.

"Mashallah. Inakuja lini?"

"Karibuni."

Akanipongeza, na kwa furaha ya kunipongeza akanifundisha kila alichokijua. Nilikuwa nimeshaonyesha bati la geji ishirini na nane, kwa hoja kwamba ishirini na nane ni kubwa kuliko kumi na nane. Alicheka taratibu. "Hesabu za bati zinarudi nyuma, mwalimu. Namba ikipanda, bati linakonda." Akanipa vipande viwili nivibonyeze kwa kidole gumba. Cha ishirini na nane kilibonyea. Cha kumi na nane kiliniumiza kidole. Akaniambia mlango wowote niangalie bawaba kwanza. Ziwe tatu kila upande, na zichomelewe kwa ndani, mtu wa nje asifikie pini zake. Fremu iwe chuma cha pembe, na miguu yake izamishwe kwenye zege. Chini ibaki nafasi ya kidole kimoja, mlango usiburuze na mkono usipite. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe pande zote, maana fundi mvivu hupaka upande unaoonekana. Niliyaandika yote kwenye daftari la maandalio ya somo, chini ya hesabu za sehemu.

"Komeo nataka la ndani," nikasema.

Alishusha futi. "La ndani? Utaingiza pikapu halafu ujifungie nayo?" Wateja wakacheka. "Gari halijifungii, mwalimu. Komeo la gereji linakaa nje, na kufuli la maana."

Nikajaribu dirisha. Akasema dirisha kwenye mlango wa gereji ni kumkaribisha mwizi achungulie. Nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kuomba tuongee kando, ningeweza kurudi jioni wateja wakiwa wameondoka. Nilikuwa nafundisha watoto sitini kwa sauti moja, na pale sikuweza kutamka neno mama.

"Basi la nje," nikasema.

Milango ililetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na kuchukua siku mbili kufungwa. Ilikuwa mizuri, siwezi kuinyima haki yake. Ilifunga sawasawa, bila kulia, na ukiipiga ngumi ilijibu kwa sauti nzito. Majirani walikuja kuiona na kumuuliza mume wangu gari ni la rangi gani. Aliwaachia jibu mimi. Walipoondoka akashika ukingo wa bati kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akishika pamba, akasema, "Safi." Kisha akaliona komeo.

"Atatoka vipi?"

"Nitamfungulia mimi."

Kufuli lilikuwa na funguo mbili. Akanyoosha mkono kuomba wa pili, nikamwambia mmoja unatosha. Alikaa na mkono hewani kidogo, akaurudisha mfukoni. Alielewa, na mimi niliona ameelewa, na tukaacha hivyo.

Mama hakulalamika. Jioni akimaliza kula aliingia mwenyewe, akakaa kitandani, akanitazama nikivuta milango. Nilimwambia ni kwa usalama wake, naye akaitikia kwa kichwa. Mchana alikuwa huru, akichambua maharage kivulini, akisuka ukili, akisalimiana na wapita njia. Alianza kunenepa. Niliona tumeshinda.

Halafu mwenzangu mmoja shuleni akaniambia kwamba vijana wawili wa Mwamanyili wameonekana sokoni wakiuliza kwa mwalimu fulani ni wapi. Huenda walikuwa wanatafuta kazi, huenda walikuwa wanamtafuta mwalimu mwingine, sijawahi kujua. Nilichojua siku ile ni kwamba mama alikuwa amekaa uani, mahali ambapo mpita njia yeyote angemwona. Kesho yake nilipokwenda shule nilimwachia mama uji, maji na ndoo, nikafunga milango kwa nje, funguo zote mbili nikazitia kwenye mkoba. Nikafanya hivyo siku nne.

Siku ya nne tulikuwa na mkaguzi. Kikao kilichopaswa kwisha saa nne kikavuka saa sita, kikavuka saa nane. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, jua la kwetu likiwa halina huruma, na ofisini tulijipepea kwa madaftari. Niliwaza habari ya chakula cha mama. Habari ya chuma sikuiwaza kabisa.

Nilipokaribia nyumbani nikaona maji yanatiririka kutoka uani kwetu mpaka barabarani. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya gereji, ameipa mgongo. Alikuwa anachota maji kwenye pipa kwa ndoo na kuyarusha nyuma, juu ya bega lake, kwenye milango. Bati lilikuwa linatoa mvuke. Shati lilikuwa limemganda mwilini, na hakugeuka aliposikia nyayo zangu.

"Amevua nguo kwa joto," alisema. "Nilitaka kuvunja kufuli, akanikataza. Amesema nikimwona hivyo ni heri afe. Jirani niliyemtuma kwako wamemrudisha, wamesema mkaguzi yumo ndani. Fungua."

Nikautoa ufunguo mkobani. Kabla kufuli halijaachia, alitua ndoo na kwenda zake barabarani, haraka, ili asiwepo.

Mama alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta wa nyuma ambao haukufikiwa na jua, amejifunika kanga iliyolowa. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilimnywesha kidogo kidogo, nikampepea, nikawa nasema pole, pole, na ndani ya pole hizo nikamweleza habari za wale vijana wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipopata sauti alisema:

"Kule walisema mimi mchawi. Sikushangaa, watu husema. Lakini hakuna aliyenifungia kwa nje. Wewe nawe umewaamini?"

"Hapana, mama."

"Basi hapa ulikuwa unamfungia nani?"

Nililia, na yeye ndiye aliyenibembeleza, jambo ambalo liliniumiza kuliko swali lenyewe.

Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda kwa fundi, na wateja walikuwepo tena, safari hii watatu. Nikasema wazi mbele yao kwamba hakuna pikapu, kwamba anayelala mle ni mama yangu mzazi, ametoka Mwamanyili, na nataka komeo la ndani na matundu ya hewa. Fundi alinitazama macho yangu, nadhani akayafikiria ya mama, na hakuuliza kitu. Saa hiyo hiyo akapakia jenereta kwenye mkokoteni. Alikata komeo la nje, akachomelea la ndani chini kidogo, mahali ambapo bibi aliyekaa kitandani anafika bila kusimama. Juu ya kila mlango akatoboa dirisha, akaweka wavu. Alipomaliza akamwamkia mama shikamoo, akamwomba radhi. Mama hakujua anaombwa radhi ya nini.

Jioni nilimwomba radhi mume wangu pia. Nikamtajia lile swali lake la mezani. Alifikiri kwanza kabla ya kulikumbuka.

"Pale kwenye mzani watu walikuwa wananiuliza," alisema. "Nilitaka kujua niwajibu nini."

Usiku huo mama alijifungia mwenyewe. Alfajiri nikaenda na uji, nikasimama nje ya milango, nikamwamkia mama kwa lugha ya kwetu.

"Mwangaluka, mayu."

Nikasikia kitanda kikilia.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

Nikataja jina langu. Nikataja na la baba. Akauliza niko na nani, nikasema niko peke yangu. Uji ukaanza kufanya utando juu, na mimi nikaendelea kusimama, kwa sababu safari hii aliyeamua alikuwa yeye. Aliishi nasi miaka sita baada ya hapo, tukazoeana upya, tukacheka sana. Lakini kila asubuhi kabla ya kufungua aliniuliza mimi ni nani, na kila asubuhi nilimjibu.