Koti Lililoposa Mjimwema

Mzee Methusela wa Mahongole hasemi uongo, na atakayesema vinginevyo aende akamwambie mwenyewe. Anachofanya ni kuupiga pasi ukweli mpaka mikunjo isionekane. Siku za kawaida ni mkulima wa viazi kama nusu ya Makambako, lakini kijana akitaka kuoa na kwao hakuna mwenye ulimi, huletwa kwa Methusela na jogoo kwapani, na kuanzia siku hiyo kijana huyo hana kasoro tena. Mvivu anakuwa mtulivu. Mlevi anakuwa mtu wa watu. Asiye na kazi anakuwa anajishughulisha. Kuna bwana arusi mmoja aliyesifiwa na Methusela kwenye posa mpaka mama yake mzazi akamgusa jirani na kumnong'oneza, "Huyo anayesemwa ni yupi?"

Kwenye posa huvaa koti moja tu, la mtumba, la kahawia, zito, lenye vifungo vikubwa kuliko inavyohitajika. Wenye mabinti wakiliona linakuja hujua leo wataimbiwa. Haijatokea hata siku moja koti hilo lirudi na jibu la hapana, na habari hiyo Methusela ameisimulia mara nyingi kuliko alivyoulizwa.

Lakini mganga hajigangi. Binti yake wa mwisho, Juliana, aliposwa na mfanyabiashara wa mbao, na mshenga aliyekuja alisema maneno yaleyale ya Methusela, neno kwa neno, hata kikohozi cha katikati alikiiba. Ungetegemea mwenye mali aitambue mali yake. Aliitambua vizuri sana, ila badala ya kushtuka akavimba kichwa kwa jinsi maneno yake yalivyo matamu yakisemwa na mwingine. Akatoa binti. Miaka michache baadaye Juliana alirudi jioni moja na begi jekundu na mdomo uliovimba. Majirani walipouliza, Methusela alijibu palepale: "Amekuja kusalimia."

Mwaka wa pili ukaisha Juliana akisalimia. Begi lilikaa nyuma ya mlango wa sebuleni, nguo zimo ndani, kwa kuwa mgeni hapangi nguo kabatini. Alichomoa gauni, akalivaa, akalifua, akalirudisha. Kanisani akina mama walimuuliza, "Bado tu unasalimia?" naye akatabasamu, maana ungemtaka afanye nini? Baba yake aliliona lile begi kila alipofunga mlango, na kila siku alifunga mlango bila kusema neno. Mtu mwenye maneno ya kuwaoza watoto wa nusu ya mkoa! Inaudhi.

Sasa huyu Elius. Elius ni kijana wa hapohapo Mahongole, kazi yake kubebesha miche ya parachichi, kikonyo cha huu juu ya shina la ule. Alimpenda Fidelia wa Mjimwema, Njombe mjini, na Fidelia akampenda, jambo ambalo kwenye posa hufikiriwa mwisho kabisa. Baba yake Fidelia ni Mzee Romanus, katekista mstaafu, Mkatoliki asiyekunja goti ila kanisani. Methusela alibisha hodi mwezi wa nne, akasikilizwa, akapewa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita arudi kuchukua jibu. Romanus akaongeza sharti la kwao: mdomo uliobisha hodi ndio utakaojibiwa, si mwingine. Usipofika siku hiyo, hodi imekufa, na yupo mwenye malori mawili anayesubiri tu njia iwe wazi.

"Nitafika," alisema Methusela. "Labda dunia isimame."

Dunia, kwa kuwa haina adabu, ikasimama.

Mwanawe wa Dar es Salaam alikuwa amemlipia safari ya hija pamoja na waumini wa usharika, kwenda Yerusalemu na Bethlehemu na kurudi kabla ya posa. Koti aliliacha nyumbani kwa sababu aliambiwa huko ni joto. Aliuona Mto Yordani akasema hata Ruhuji wa kwetu unauzidi maji. Alipoonyeshwa mahali pa hori, aliuliza ng'ombe wa huko walikuwa wanalishwa nini. Kisha alfajiri ya siku ya kurudi, Israeli na Irani wakaanza kurushiana makombora, anga ikafungwa, na mahujaji wa Makambako wakabaki hotelini na masanduku yao yaliyofungwa vizuri.

King'ora kikilia walishuka kwenye ghala la chini, katikati ya viti vya plastiki na vitambaa vya meza. Mchungaji Ezekia, ambaye kila Jumapili alihubiri jinsi anavyotamani kwenda kwa Bwana, alikuwa anafika wa kwanza.

"Mchungaji," Mama Hilda wa kwaya alimwambia akihema, "Bwana yuko juu. Huku chini tunamkimbia."

Walicheka wote, kwa kuwa ukiacha kucheka unaanza kuhesabu milio. Kila siku waliambiwa kwamba basi la kuwavusha kwenda nchi jirani ya Jordan, wakapande ndege huko, litakuja kesho. Methusela alijiambia kwamba haogopi makombora, anaogopa Jumamosi. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Jumamosi ilipokaribia, Elius alipiga simu huku analia. Mjomba wake alikuwa amejitolea kwenda badala ya Methusela, na Romanus alikuwa amekataa. Waliomba basi Methusela aongee kwa simu. Hilo nalo lilikataliwa.

"Anasema mshenga huketi," Elius alisema. "Anasema simu haiketi."

Aliyepata dawa ni Juliana. Alipanda gari hadi Mjimwema, akamwamkia Mzee Romanus kwa heshima zote, kisha akauliza: je, koti la baba likiketi kitini, na simu ikiwa kwenye mfuko wa juu, hapo karibu na moyo, mshenga atakuwa hajaketi?

Romanus alicheka mpaka akavua miwani. "Koti hilo nalijua," alisema. "Haya, lije."

Siku yenyewe Methusela alikaa mapokezi ya hoteli, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, amevaa shati jeupe ingawa hapakuwa na wa kumwona. Huko Mjimwema alisikia kiti kikiburutwa, vikombe, na vikohozi vya watu waliokaa kwenye baridi ya Juni. Kisha akamsikia Juliana akisema taratibu, "Baba, umeshaketi. Mimi niko nyuma ya kiti, nimeshika chaja."

"Kamwene, wazee wangu," alianza kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene," waliliitikia koti.

"Tulipita hapa mwezi wa nne, tukaona ua..." Akalimwagilia lile ua mpaka likanawiri. Akamfikia Elius. "Ni kijana mtulivu," alisema, "anayejishughulisha, mtu wa watu, mwenye..."

King'ora kikalia.

Wenzake walimpita mbio. Mama Hilda alimvuta shati, likachomoka kwenye suruali. Methusela akashuka ngazi na simu sikioni, na alipofika kwenye kona sauti za Mjimwema zikaanza kukatika. Akashuka kidato kimoja zaidi, zikapotea. Akapanda, zikarudi. Basi mambo yakawa wazi: chini kuna usalama usio na mtandao, na hapa kuna mtandao. Mzee wa watu akaketi pale kwenye kona, mgongo ukutani.

"Funga mlango!" alipiga kelele Mchungaji Ezekia kutoka chini.

"Subiri, naposa!" alijibu Methusela.

"Hicho kinacholia ni nini?" aliuliza Romanus.

"King'ora, mzee."

"Cha nini?"

"Cha makombora."

Huko Mjimwema vikombe vikawekwa chini. Kisha Romanus akakohoa, kile kikohozi cha katekista aliyemkamata mtoto anadesa kwenye mtihani.

"Methusela," alisema, "nimeposewa mabinti watatu nyumbani hapa. Kila mara mshenga ameketi kwenye kiti hichohicho, ameshiba, anatazama dirishani. Sijawahi kumpata mmoja aliye karibu na Mungu wake namna hiyo. Sisi Wakatoliki tunaungama mmoja mmoja. Ninyi Walutheri mnatubu wote kwa mpigo, ili mwizi asijulikane. Leo uko peke yako. Elius ni mvivu?"

Mlio mzito ukapiga mbali, na vioo vya mapokezi vikatetemeka. Methusela alitafuta neno. Miaka yote maneno yalimjia yenyewe, kama kuku waliosikia mlio wa pumba kwenye debe. Sasa halikuja hata moja.

"Asubuhi ni mvivu," alisema. "Haamki mpaka jua limpige usoni. Akishaamka anafanya kazi."

Mtu akaguna huko.

"Na pombe, ulanzi?"

"Anakunywa. Msimu uliopita alilala hukohuko kwenu, kwenye mianzi unakogemwa, mpaka kukakucha, tukajua amekufa."

"Ana mali gani?"

"Hana kitu, mzee. Hata pale penye miche, shamba ni la shangazi yake."

Elius alikuwa ameketi karibu na mlango, na waliokuwepo wanasema alianza kutafuta kofia yake.

"Sasa kwa nini umeniletea mtu huyu?"

"Mama yake amepooza mkono," alisema Methusela. "Hawezi kujisuka. Elius humsuka kila Jumamosi, nje, barazani, watu wanapita wanamcheka. Na anasuka vibaya, mistari inapinda kama njia ya mbuzi. Lakini mama yule hajaenda kanisani nywele timtim hata Jumapili moja."

Mlio wa pili ulikuwa karibu. Vumbi la dari likamwagika kichwani mwa Methusela, na hapo aliogopa hasa, akaishika simu kwa mikono miwili kama mtoto anayeshika kikombe.

"La mwisho," Romanus alisema, na sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Yupo mwenye malori, unamjua. Angekuwa binti yako, ungempa nani?"

"Wangu nilimpa mwenye mbao," alisema Methusela.

Alitaka kuishia hapo. Lakini king'ora kilikuwa bado kinalia, na maneno yaliyokataa kuja sasa yakaja bila kupigwa pasi.

"Mshenga wake aliniimbia maneno yangu mwenyewe. Niliyajua, nikampa. Akampiga. Wakiniuliza nasema amekuja kusalimia. Hakuja kusalimia, Mzee Romanus. Amerudi. Amerudi kwao, nyumba ni yake, na nilitakiwa nimwambie hivyo jioni ileile akiwa bado mlangoni. Ningekuwa na akili ningempa msusi huyu."

Akaitazama simu kama bado inawaka.

"Halo?" aliita Methusela. "Halo, Mjimwema?"

Kilichosikika ni pumzi ya mtu aliye karibu sana na simu, anayelia na hataki kusikika. Methusela aliijua pumzi hiyo tangu ikiwa ya mtoto mchanga. Elius alimwambia baadaye kwamba Juliana alikuwa amekiinamia kiti, uso ameuzamisha kwenye bega la koti, na wazee wote wa pande mbili ghafla walipata kitu cha kutazama ndani ya vikombe vyao.

Ikaja sauti nyingine, ya binti, kutoka upande wa jikoni, mahali ambapo siku ya posa hapatakiwi kutoka sauti yoyote. "Baba, hayo yote mimi nayajua. Hata ile siku ya mianzi, mimi ndiye niliyempelekea blanketi."

"Ulimpelekea nini?" aliuliza Romanus.

Na hapo mtandao ukakatika.

Methusela alishuka ghalani akaketi kati ya Mama Hilda na rundo la vitambaa vya meza. Mchungaji akamuuliza kama amekubaliwa. Akasema hajui. Lilikuwa jibu lake la sita au la saba la kweli siku hiyo, na tayari alikuwa amechoka.

Jioni Elius alituma ujumbe wa sauti. Mzee Romanus alimgombeza Fidelia kwa ajili ya lile blanketi mpaka wali ukapoa. Kisha akasimama, akalikaribia koti, akasema, "Mshenga, umejibiwa ndiyo," akaushika mkono mtupu wa koti, wa kulia, na kuutikisa mbele ya watu wote. Methusela akampigia Juliana. Juliana aliuliza kama amekula. Akasema amekula. Baada ya hapo hakuna aliyekata simu.

Basi likaja hatimaye, likawavusha hadi Jordan, na wakapata ndege ya kurudi. Kwenye stendi ya Makambako ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, na Juliana alikuwa anamsubiri na lile koti mkononi. Kabla hajalivaa akatokea Mama Dorosela, mwanakwaya mwenye masikio marefu kuliko sauti.

"Karibu, mzee, pole na vita! Na Juliana naye, bado tu anasalimia?"

"Anakaa," alisema Methusela, akiingiza mkono kwenye koti. "Salamu ziliisha siku nyingi."

Mama Dorosela alikumbuka ghafla kwamba ana basi la kuwahi.

Kazi ya ushenga imempungukia. Vijana wanasema mzee ameharibiwa na Yerusalemu, na wenye mabinti huko Mjimwema sasa humwambia kila mshenga anayeanza kusifu kupita kiasi, "Hebu kaa ngazini kwanza." Methusela ananung'unika kwamba amenyimwa majogoo wengi.

Siku ile ya kurudi alisukuma mlango wa sebuleni, akataka kuweka sanduku lake la safari nyuma ya mlango huo. Begi jekundu lilikuwa palepale, lakini zipu ilikuwa wazi na hapakuwa na gauni hata moja. Kulikuwa na nyasi kavu, na juu ya nyasi kuku mwekundu aliyeatamia, akamtazama kwa jicho moja la hasira.

"Sanduku lako peleka chumbani, baba," Juliana aliita kutoka jikoni. "Hapo pana mwenyewe."