Mkono wa Kushoto kwa Mwalimu wa Kwaya

Kundi letu la skauti la Bujonde lilikuwa halina kiongozi, na wazazi walikwisha kuamua kulivunja iwapo hatapatikana mtu wa kujitolea. Mimi, kamishna mpya wa wilaya, nilikuwa nimeahidiwa mtu kutoka Kyela mjini Jumamosi ile.

Alasiri akatokea bwana mwenye shati la kaki na skafu ya kijani shingoni. Mimi niliyezoea kudai ushahidi kwa kila jambo sikumwuliza hata jina. Nilimnyooshea mkono wa kushoto, kama skauti wasalimianavyo, nikawatangazia wazazi waliokuwa wamekusanyika: "Kiongozi wenu huyu hapa!" Wakapiga makofi.

Bwana yule aliutazama mkono wangu. "Mzee, tumekosana lini hata unipe wa kushoto? Mimi ni mwalimu wa kwaya, nimemfuata binti yangu."

Kilizuka kicheko, nikatamani migomba inifiche. Nilijieleza kwa kigugumizi kwamba kwetu skauti mkono ule ni ishara ya kuaminiana.

"Ndaga," akashukuru, naye akicheka. "Basi nipe tena."

Yule wa mjini hakufika. Jumamosi iliyofuata mwalimu wa kwaya alirudi, akanipa mkono wa kushoto, na kundi analiongoza yeye hadi leo.